Sauti Isiyokufa na Valvu

Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kusikiliza ardhi. Wenzake katika idara ya maji walichimba mitaro, walisoma mita, au walikaa dirishani wakipokea malalamiko na matusi. Yeye alitembea barabarani, hedifoni masikioni, akibeba kwa mpini chombo cha chuma kilichofanana na kikombe kilichofudikizwa. Wenyewe walikiita kikombe. Alikiweka chini, akasimama kimya kama mtu anayedukua mlangoni mwa watu, akasogea hatua mbili, akakiweka tena. Bomba linalovuja chini ya lami halinyamazi. Hutoa sauti nyembamba, sssss, kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Akiisikia alichora msalaba wa chaki, wachimbaji wakachimba pale pale, na maji yakapatikana pale pale. Ndiyo sababu kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Sikio.

Uzee haupigi hodi. Alipotimiza miaka hamsini na moja, wakiwa wamekaa barazani, alimwambia mkewe kwamba siku hizi ndege wamehama mtaa wao. Mkewe aliutazama mti wa jirani, uliokuwa umejaa ndege wakipigiana kelele kama wanafunzi waliotoka kwenye mtihani. Kisha akamtazama mumewe. Jioni ile alipaza sauti kidogo alipomwita mezani, na tangu siku hiyo hakuishusha tena.

Masikio yalimtoka hivyo, kuanzia sauti za juu kushuka chini. Kwanza ndege, kisha kengele za baiskeli, kisha mluzi wa birika. Sauti nene alizisikia bado: lori likipanda gia, radi, msimamizi wake akikasirika. Lakini ile sssss, iliyokuwa riziki yake, ilififia mwezi hadi mwezi mpaka ikawa kama mtu anayeaga akiwa mbali.

Kwa miaka miwili alitegemea akili. Alizijua ramani kichwani, alijua ni maungio yapi ya mabomba yaliyozeeka, aliangalia majani yamestawi wapi na ukuta umetoa jasho wapi. Mara nyingi alipatia. Kwenye mikutano alikaa mwisho wa benchi, ukuta upande wa sikio bovu zaidi, na alicheka wenzake walipocheka. Alijua vizuri kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini alilijua pia geti la karakana. Pale getini palikuwa na kiti cha chuma, na katika kiti hicho idara ilimkalisha kila ambaye haikuwa na kazi naye tena: dereva aliyepata mtoto wa jicho, fundi aliyevunjika nyonga. Walikaa, wakafungua geti, wakafunga geti, na watu wakaacha kuwauliza chochote.

Kile chombo cha ofisi kilikuwa kizee kama yeye. Kitasa chake cha sauti alikwisha kukizungusha hadi mwisho, na mwisho haukutosha. Aliandika barua kuomba kipya, akajibiwa asubiri. Ndipo akaenda kwa muuza redio, katika duka jembamba kama kabati, akaeleza anachotaka bila kueleza kwa nini.

"Hii hapa, mzee wangu," muuza redio alisema, akitoa kijisanduku cheusi kutoka kwenye pamba yake. "Amplifaya ya hedifoni. Ndogo lakini ina mambo. Chombo chako unachomeka huku, hedifoni kule, unazungusha kitasa. Utasikia hata anachowaza mama watoto."

"Hicho nakisikia bila mashine."

"Basi utasikia anachowaza mama mkwe."

"Punguza bei, usinitishe."

Bei yenyewe haikuzidi ya viatu vya shule. Alikwenda nayo nyumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akafungua daftari lake. Alikuwa na desturi ya kuandika kila kitu. Aliandika kwamba ni ndogo kama kipande cha sabuni, ya chuma, skrubu nne, moja imepinda. Kwamba ina kitasa kimoja na swichi moja ya pande mbili, nguvu ndogo na nguvu kubwa. Kwamba ukiiwasha hupiga tap! masikioni, kwa hiyo uwashe kwanza ndipo uvae. Kwamba kitasa kikiwa chini kabisa, sikio la kushoto huanza kusikia kabla ya la kulia. Kwamba simu ikiwa karibu huingiza mlio wake, tidi-tidi-tidi. Mwisho aliandika kwamba baada ya saa moja inapata joto, joto la paji la mtoto mwenye homa, na kwamba muuza redio amesema ndivyo ilivyo.

Kesho yake aliifunga kwa mpira kwenye mpini wa kikombe, akaweka swichi kwenye nguvu kubwa. Mbele ya posta, aliposimama mara ya kwanza tu, aliisikia.

Sssss.

Ilikuwa safi, karibu, bila shaka yoyote. Sikio alisimama katikati ya watu wanaowahi kazini, macho yamemlowa, kama mtu aliyekutana njiani na ndugu aliyemzika. Sasa, kazi ile ina kanuni moja, na kanuni hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wote waliokuja nyuma yake. Kabla hujachora msalaba, funga valvu ya mtaa. Bomba likikosa maji, sauti hufa. Ikifa, ni maji, chora. Isipokufa si maji; ondoka. Kufunga valvu ni kazi ya nusu saa, na Sikio alikuwa na furaha ya miaka miwili kifuani. Alichora.

Wachimbaji walichimba hadi jua likapinduka. Bomba lilipatikana limekaa pale chini kavu, safi, kama lililooga na kujifuta.

"Mzee Sikio," alisema mchimbaji mmoja mnene waliyemwita Sululu, akiegemea mpini wa sururu yake, "leo umesikia maji ya mwaka gani?"

"Ya mwakani hayo," mwingine akadakia. "Mzee ameagiza mapema."

Walicheka. Sikio naye alicheka, kwa mazoea. Msimamizi hakucheka. Alikuwa mdogo kwa Sikio kwa miaka kumi, na kazi alijifunza kwake, hata sasa alipokuwa bosi bado alimwita mwalimu wasipokuwepo watu.

"Mwalimu, ulifunga valvu?"

"Nilifunga."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini katika miaka ishirini na sita, na ulitoka laini, kama uliokuwa umekaa mdomoni ukisubiri zamu yake.

Jioni alikaa tena kitandani. Alichomoa waya wa kikombe, akaiwasha amplifaya ikiwa peke yake, akavaa hedifoni. Sssss. Ile ile ya mbele ya posta. Haikuwa imeunganishwa na kitu chochote duniani.

"Unasikiliza nini?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni, kwa ile sauti yake mpya ya juu.

"Hakuna kitu," alijibu, na lilikuwa jibu la kweli kabisa.

Mashine ya bei nafuu ina pumzi yake, na ukiipa nguvu kubwa huhema masikioni mwako. Mtu mwenye masikio mazima angetambua mara moja. Lakini yeye kwa miaka miwili alikuwa ameusahau uso wa sauti ile, na mgeni alipokuja amevaa nguo zake, alimfungulia mlango. Alirudisha swichi kwenye nguvu ndogo. Kihemo kikatoweka. Akachomeka kikombe, akakiweka sakafuni, na palepale akashtuka, kwa sababu sauti za chini zilikuja nzito na wazi kuliko alivyowahi kuzisikia hata ujanani. Alisikia friji ya jirani ikiguna ukuta wa pili. Alisikia mtu akitembea, akajua ni mzito na anachechemea. Alisikia moyo wake mwenyewe ukipiga ndani ya shingo. Akavua upesi, kama aliyechungulia mahali pasipomhusu.

Jumatatu msimamizi alimwita ofisini, akamwonyesha karatasi.

"Mtaa wa mteremko. Mita ya juu inasema maji yameingia, mita ya chini inasema nusu tu ndiyo imefika. Hii ni wiki ya tatu. Hakuna tope, hakuna dimbwi, hakuna jani lililolowa. Maji hayo yanakwenda wapi?"

"Yatapanda juu tu. Maji hayajui kujificha."

"Yangekuwa ya kupanda yangeshapanda." Msimamizi alikunja karatasi. "Na safari hii valvu, mwalimu. Wakuu wameuliza kuhusu lile shimo la posta. Shimo kavu la pili, siwezi kukusaidia. Watakupa kiti."

Hakusema kiti gani.

Saa tatu asubuhi Sikio alikuwa mtaani. Mtaa wenyewe ulikuwa na nyumba saba upande mmoja, zimeshuka na mteremko kama watu waliokaa ngazini, na chini ya ukingo wa mbele yao bomba kuu, kuukuu, lililolazwa kabla yeye hajazaliwa. Mbele ya nyumba ya kwanza hakusikia kitu. Ya pili, hakuna. Ya tatu aliweka kikombe, akasimama, akataka kusogea, kisha mguu ukakataa.

Hapakuwa na sssss yoyote. Chini kabisa ya ukimya kulikuwa na uwazi, kama unavyosikia ukiweka sikio kwenye mdomo wa mtungi. Na ndani ya uwazi huo, mbali: puh. Akangoja. Puh. Kama mtu aliye kisimani anayeachia matonge ya udongo majini, moja moja, bila haraka. Alihesabu pumzi zake kati ya tonge na tonge. Arobaini. Akaandika: saa tatu na robo, pumzi arobaini.

Nyumba ile ilikuwa ya fundi cherehani, mwanamke wa makamo, mjane, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo. Alifanyia kazi chumba cha mbele, mlango wazi, utepe wa kupimia shingoni.

"Hodi, mama."

"Karibu, baba. Ila kama umekuja kukata maji, huo mlango unatoa watu vilevile unavyowaingiza."

"Nimekuja kusikiliza tu. Naomba niweke hiki sakafuni kwako."

"Weka. Wewe ndiye wa kwanza kuingia humu kusikiliza. Wengine wote huja kusema." Akaendelea kukanyaga cherehani yake. "Kama una dawa ya mlango, niambie. Seremala ameuranda mara mbili mwezi huu, na bado haufungi. Na vibiringo vyangu vya uzi, tazama." Aliweka kibiringo kimoja mezani, kikatulia, akakiweka sakafuni, kikaanza kwenda chenyewe, polepole, kikavuka chumba hadi kona ya ukuta wa mbele. Akacheka. "Nyumba yangu ina mkono mrefu siku hizi. Kila kitu inavuta kule."

Sikio alikitazama kile kibiringo. Akaweka kikombe pale pale kilipoishia.

Puh.

Ilikuwa karibu sana hata akainua mguu.

Kutoka chumba cha nyuma sauti kuu ya mwanamke mzee iliita, "Nani huyo?"

"Mtu wa maji, mama!" fundi alijibu kwa kelele.

"Wa nini?"

"Wa maji!"

"Mwambie apaze sauti! Masikio yangu yamestaafu, sina haja ya kumficha mtu!" Bibi huyo hakuweza kutembea. Sikio alimwona kupitia mlango, ameketi kwenye kiti cha mkono, miguu imefunikwa shuka, mkono nyuma ya sikio lake kama ngao, akitabasamu kwa mgeni asiyemsikia.

Sikio alitoka nje akampigia simu msimamizi. Akaambiwa gari liko upande wa pili wa mji, litafika mchana. Msimamizi akauliza kama amefunga valvu. Sikio akasema ufunguo wa valvu uko kwenye gari, na hilo lilikuwa kweli. Akarudi ndani.

"Mama, naomba uhame humu kwa leo. Wewe na bibi."

Mguu wa fundi ulisimama juu ya kanyagio. "Nihame kwa nini?"

"Chini ya sakafu yako pana shimo."

"Umeliona?"

"Nimelisikia."

"Baba, nina sare ishirini na mbili za shule za kumaliza kabla ya Alhamisi. Mama yangu pale hajavuka kizingiti tangu mwaka jana. Nikamwambie nini? Kwamba mwanamume kaja na kikombe, kasikia shimo?" Alisema bila ubaya, na cherehani ikaanza tena kulia, na kila mshindo wake ulikwenda chini kupitia sakafu. Sikio aliusikia ukifika. "Mlete mkubwa wako. Akiniambia yeye, nitatoka."

Saa tano, pumzi ishirini na tano. Saa sita, kumi na nane. Kati ya vipimo alisimama ukingoni akifikiri. Hakuna mkubwa atakayeamini neno lake baada ya posta, mpaka aelezwe posta ilikuwaje. Na kueleza posta ni kueleza masikio. Alijaribu njia nyingine zote kichwani, kama mtu anayejaribu funguo kwenye kufuli moja. Angeweza kusema kwamba chombo kiliharibika. Lakini wangesema basi na leo kimeharibika. Saa saba, pumzi kumi na moja, na safari hii yalianguka matonge mawili kwa pamoja.

Gari lilifika saa saba na nusu. Sululu alishuka wa kwanza, sururu begani.

"Tunachimba wapi, mzee? Au leo tunachimba kesho?"

"Msichimbe," Sikio alisema. "Wala gari lisisogee. Liache hapo hapo juu."

Msimamizi aliagiza valvu ifungwe. Mchimbaji mmoja alipanda juu ya mteremko na ufunguo mrefu wa chuma, akauzungusha mpaka ukagoma. Fundi cherehani alifungua bomba lake la uani, likakohoa, likakauka. Mtaa wote haukuwa na tone. Sikio aliweka kikombe mbele ya nyumba ya tatu, wote wakimtazama.

Puh. Puh.

"Imekufa?" msimamizi aliuliza.

"Haijafa."

Sululu akacheka kwa puani. Msimamizi alivua kofia, akajifuta uso.

"Mwalimu. Wewe mwenyewe ulinifundisha, nikiwa sijui hata kushika kikombe. Sauti isiyokufa na valvu si maji."

"Si maji, kweli. Maji yalishamaliza kazi yake. Ni udongo unaoanguka."

"Na posta ulisikia nini?"

Hapo palikuwa pagumu. Sikio aliwatazama wachimbaji wanne, msimamizi, na yule fundi aliyesimama mlangoni mwake na sindano zimebanwa mdomoni. Aliona kwamba akinyamaza watapanda gari waondoke, na hakuna atakayemlaumu kwa lolote.

"Posta sikufunga valvu," alisema. "Nilikudanganya. Nilisikia kihemo cha hii mashine niliyonunua, nikadhani ni bomba. Sauti nyembamba sizisikii tena. Huu ni mwaka wa pili. Ndege siwasikii, kengele sizisikii. Wewe ukinong'ona sikusikii, natazama mdomo." Hakuna aliyecheka. "Lakini za chini nazisikia, na hii ni ya chini. Tazama." Alikiinua kikombe hewani, akakishika mbele ya msimamizi. "Kikiwa juu, kimya. Kikiwa chini, inasema. Mashine ingesema kote kote. Vaa mwenyewe."

Alimvisha hedifoni kwa mikono yake, kama anavyovishwa mtoto kofia. Msimamizi alisimama ameinamisha kichwa, uso wa mtu anayevumilia. Kisha uvumilivu ukamtoka usoni. Macho yake yalishuka kwenye viatu vyake. Alivua hedifoni taratibu, akarudi kinyumenyume, hatua ndogo ndogo, kama anayetoka chumba alicholala mgonjwa, mpaka akafika ng'ambo ya barabara.

"Toeni watu," alisema. "Bila kukimbia. Mtu asiruke, asiangushe kitu."

Sululu, mzaha umemwisha, aliweka sururu chini kama yai. Aliingia na mwenzake hadi chumba cha nyuma, wakambeba bibi na kiti chake.

"Mnanipeleka wapi?" bibi alipiga kelele.

"Nje, bibi! Kupunga upepo!"

"Na mbona mnatembea kama wezi?"

Walimvusha kizingiti, wakavuka barabara, wakamweka kivulini kwenye ukuta wa ng'ambo. Fundi alitoka nyuma yao amekumbatia kifurushi cha sare. Alimwekea mama yake mapajani, akahesabu kwa kidole, akageuka.

"Zimebaki tisa. Na cherehani."

"Acha, mama," msimamizi alisema.

"Cherehani ile ndiyo mume wangu, ndiyo shamba langu. Ni hatua sita tu." Na alikwisha kuingia barabarani.

Sikio alikuwa amepiga magoti ukingoni, upande wa nyumba ya pili, amenyoosha mkono kadiri ulivyofika kuweka kikombe jirani na kizingiti. Alikuwa akihesabu. Pumzi tano. Pumzi nne, matonge matatu. Pumzi mbili. Kisha likaanguka moja zito, na baada yake hakukuwa na kitu. Kumi. Ishirini. Thelathini. Alizungusha kitasa, akaisikia damu yake. Arobaini na tano. Chini ya nyumba ile palikuwa kimya kama chumba kilichofagiliwa.

"Imenyamaza," alisema.

"Basi imetulia?" msimamizi aliuliza kwa sauti kubwa kutoka ng'ambo. Fundi akaongeza mwendo.

"Hapana. Hakuna kilichobaki cha kuanguka."

Alinyanyuka, akamdaka fundi mkono juu ya kiwiko, mguu wake mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya mlango. Fundi alimsukuma. "Niachie, baba! Niachie!" Alikuwa na nguvu za mtu anayekanyaga cherehani tangu ujana, na Sikio alivutwa hatua mbili naye. Hedifoni zikamtoka, zikaning'inia. Akamvuta kwa mikono yote miwili hadi katikati ya barabara, wote wawili wakaanguka chini.

Mlio wa kwanza hakuusikia. Aliona vichwa vya wenzake vikigeuka vyote kwa pamoja, akajua umelia. Kisha akausikia mwingine, ule mnene, uliompanda kifuani kutoka kwenye lami. Sakafu ya chumba cha mbele haikupasuka kwa kishindo. Ilishuka tu, taratibu, kama mtu aliyechoka anayejikalisha. Meza ikainama, vibiringo vikakimbia vyote upande mmoja, cherehani ikasimama kidogo ukingoni, gurudumu lake likizunguka, ikaenda. Ukuta wa mbele ukafuata. Vumbi lilipotulia, mahali pa mlango palikuwa na mdomo mweusi, na ndani yake, mbali kuliko urefu wa mtu aliyesimama juu ya mtu, maji yaling'aa.

Fundi alikaa barabarani, hakulia. Alishika utepe wake shingoni kwa mikono miwili. Bibi, ng'ambo, alikuwa akiuliza, "Nini hicho? Nini hicho kimetikisika?" na Sululu alikuwa ameinama akimshikilia kiti chake.

Msimamizi alimjia Sikio, midomo inatembea.

"Sema upande huu," Sikio alimwambia, akigeuza kichwa. "Na upaze."

"Nasema umeumia?"

"Sijaumia."

"Kiti kile, mwalimu, nitaongea nao. Sijui kama watanisikiliza."

"Ongea nao kesho." Sikio aliokota kikombe, akafuta vumbi la amplifaya kwa upindo wa shati. Taa yake ndogo ilikuwa bado inawaka, na chuma kilikuwa cha moto mkononi. Alitazama shimo lilivyojikata: halikuwa duara. Lilikuwa refu, limefuata bomba, na pande zote mbili liliingia gizani chini ya ukingo. Upande wa juu ulielekea nyumba ya pili, iliyofungwa kufuli tangu asubuhi. Upande wa chini ulielekea ya nne, ambapo nguo zilikuwa zimeanikwa na mtu ndani alikuwa akiimba. Aliona pazia likitikisika tu, wimbo aliambiwa baadaye.

Alitembea hadi mbele ya nyumba ya nne, mguu mmoja baada ya mwingine, akijaribu kila hatua kabla ya kuipa uzito. Aliweka kikombe chini. Akavaa hedifoni. Wote walisimama wakimtazama, na safari hii hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Alisikiliza, akahesabu kwa vidole kwenye paja pumzi kati ya tonge na tonge: sita, saba, nane.

Alinyoosha mkono, akamwonyesha Sululu mlango.

"Gonga," alisema. "Polepole."

Kisha akasogea kwenye nyumba ya tano.